Ujumbe Umefika Myamba

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mzigo umefika. Kondakta wa basi la Dar ameupitisha dirishani hata basi halijasimama vizuri. Bodi tatu ndogo, kila moja kama kiberiti, na antena tatu. Nimezipanga mezani katikati ya simu za wateja na kuzitazama tu.

Shamimu, anayepika chakula mlango wa pili, akaja kuuliza hizo ni simu za wapi. Nikamwambia si simu. Ni redio za kupeleka maandishi. Hazitaki laini wala vocha wala mnara. Moja inairushia nyingine, hata kama kuna kilomita ishirini katikati, mradi mlima usizibe. Moja nitaiweka hapa dukani Hedaru, moja kwa Baba kule Myamba. Ya tatu ya akiba.

Akasema, ili msiba usikupite tena. Nikasema ndiyo.

Jana umetimia mwezi tangu Mama azikwe. Alizikwa Alhamisi. Mimi nimejua Ijumaa, hapa hapa barabarani, kwa muuza vitunguu aliyenipa pole akidhani najua. Nilimwambia, pole ya nini? Akaanza kutafuta maneno, maskini, mpaka akashika kichwa.

Watu wote wanasema ni mtandao. Kwa Baba simu haishiki mpaka upande jiwe la juu ya shamba, na wiki ile mvua ilikata barabara kule Vunta. Mchungaji naye alisema hivyo hivyo kwenye sala: binti yetu Aneth hakupata habari kwa sababu ya mtandao.

Wote wanasema. Niishie hapo leo.

Jumatano, 4 Juni 2025

Nimeunguza bodi moja. Nimeiwasha bila antena. Maelekezo yote yanaanza na hilo — usiwashe bila antena, nguvu inakosa pa kutokea, inarudi kuichoma. Nimelisoma mara tatu. Halafu nikawasha. Fundi wa miaka kumi na minne kazini!

Hakuna moshi wala harufu. Taa inawaka vizuri kabisa. Ila haisemi na haisikii.

Nilikaa nayo mkononi mpaka mteja akagonga meza.

Zimebaki mbili. Nimeagiza nyingine. Jioni nimetengeneza boksi la kwanza: bomba la PVC, vifuniko pande zote, betri mbili nzima nilizotoa kwenye laptop mbovu, sola ya taa ya bustani. Nimeziba matundu kwa silikoni. Mikono inajua kazi yake. Kichwa ndicho hakipo.

Jumapili, 8 Juni 2025

Naandikia Myamba, kwenye chumba changu cha zamani. Mama alikigeuza stoo ya tangawizi. Kunanuka tangawizi mpaka kwenye shuka.

Nimepanda na gari la saa moja. Baba nimemkuta uani anachonga mpini wa jembe. Shikamoo Baba. Marahaba. Umefika. Basi, akaendelea kuchonga. Amekonda. Shati limefungwa vifungo vibaya, kimoja kimeruka, na hakuna wa kumwambia.

Nilikwenda kaburini peke yangu. Udongo umeanza kukaa. Nilitaka kusema kitu. Nikang'oa majani.

Mchana alikula makande ya jana bila kuyapasha. Nikamweleza mashine. Alisikiliza vizuri, maana alikuwa karani wa chama cha kahawa miaka ile na anapenda kitu kielezwe kwa mpangilio. Akauliza, inaandika herufi ngapi? Nikasema kama mia mbili kwa mara moja. Akasema, kama simu ya upepo, ile ya posta. Nikasema karibu na hiyo, Baba. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu sahihi.

Tumeipandisha kwenye nguzo ya zizi. Nimetuma ujumbe Hedaru. Nimengoja. Haukufika. Nimeipeleka mpaka kwenye jiwe la juu — haukufika. Mgongo wa mlima umekaa katikati, Hedaru iko upande wa pili kabisa. Lazima pawe na kituo cha kati pale Vunta, juu kwenye mgongo, kinachoona pande zote mbili.

Baba alinisubiri chini ya jiwe na fimbo yake. Niliposhuka akasema, bila kunitazama: "Jumatano wazee walitaka tuzike. Nikasema tungoje, Aneth atafika. Alhamisi wakasema haiwezekani tena."

Nikasema ndiyo Baba.

Akasema, "Nilizuia siku moja."

Ndiyo Baba. Nikashika antena, nikatangulia kushuka.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimerudi Hedaru. Malori yamejaa kituoni. Nimefungua duka saa sita. Sijala.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Bodi mpya imefika. Inafanya kazi.

Niandike sasa. Daftari hili halisomwi na mtu.

Jumanne ile, tarehe 29 Aprili, mtandao ulikuwepo.

Mama alifariki alfajiri. Novatus, jirani yetu, alipanda jiwe kwenye mvua. Alinipigia saa nne kasoro dakika tano. Simu ilikuwa mezani pale pale, kioo juu, nikaliona jina lake. Nilikuwa nabandika kioo cha dereva wa lori, gundi ilikuwa haijakauka, dereva anahesabu dakika. Lakini si gundi. Nisijidanganye hata hapa. Nilijua Novatus akipiga ni Baba amemtuma. Dawa ya ng'ombe. Mbegu. Mbona huji. Nilikuwa nimechoka kuulizwa mbona siji. Nikaigeuza simu ifudifudi.

Alipiga mara nne. Ya mwisho saa nne na dakika ishirini. Halafu meseji: Dada Aneth piga. Maneno matatu, maana msiba hauandikwi kwenye meseji, anayetuma anajua na anayepokea angejua kama angetaka kujua. Niliisoma mchana nikila. Nikasema kesho.

Kesho yake nilipiga mara moja. Haikupatikana. Nikaona nimetimiza wajibu. Nikaendelea na kazi!

Siku hiyo ndiyo Baba alikuwa anawazuia wazee.

Nilipopanda Jumapili, barabara ilipofunguka, nilikuwa nimeandaa cha kusema tangu Hedaru mpaka mlangoni. Baba akanishika mkono akasema, "Novatus alijaribu, mwanangu, mtandao haukuwepo." Nikamtazama Novatus. Novatus akatazama chini. Nami nikanyamaza. Hapo ndipo uongo ulipokuwa wangu.

Sasa natengeneza redio za kutibu mtandao ambao haukuwa mgonjwa.

Jumapili, 15 Juni 2025

Kituo cha Vunta kimesimama. Nyumba ya mzee Hezroni ndiyo ya juu kabisa pale mgongoni, mlango wa mbele unaona tambarare ya Hedaru, wa nyuma unaona mabonde ya kwetu. Niliteremka kwenye gari na mabomba yangu, nikamwamkia, nikamwomba. Aliuliza swali moja tu: kitaleta radi? Nikamwonyesha waya nitakaouzika ardhini. Akasema haya. Akanishikia ngazi mwenyewe, na upepo ule, mzee wa miaka sabini.

Nimefunga mlingoti kwenye ukuta wa jikoni, sola imetazama kaskazini. Nilipowasha, kituo cha Hedaru kikajitokeza pale pale kwenye kioo cha simu. Kilomita zote zile. Nilicheka peke yangu juu ya ngazi. Halafu nikakumbuka mtu ambaye ningempigia kumwambia.

Nikatembea mpaka Myamba, mwendo wa saa tatu kwa miguu, kila kona natazama kama Vunta bado inaonekana. Inaonekana. Nimempa Baba simu ya zamani niliyoitengeneza, inaongea na ile mashine ya zizini. Nikamwekea herufi kubwa. Akavaa miwani, akaketi wima kama yuko ofisini, akaandika kwa kidole kimoja. Imechukua dakika kumi. Ujumbe ukaruka Vunta, ukashuka Hedaru, mashine ya dukani ikajibu yenyewe: umefika.

Alikuwa ameandika: JARIBIO LA KWANZA. HALI NI NZURI. FILEMONI.

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema, "Susana angekuwa hai hii ingempendeza." Akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Jumanne, 17 Juni 2025

Saa moja asubuhi: NIMEAMKA. UKUNGU. FILEMONI.

Saa kumi na moja: NOVATUS AMELETA NDIZI. NIMEKULA. FILEMONI.

Nimejibu zote. Nimemwambia si lazima aweke jina, mashine inaonyesha ni yeye. Akajibu: BARUA BILA JINA NI UTOVU WA ADABU. FILEMONI.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Ng'ombe amezaa. Dume.

Baba sasa anaandika mara nne kwa siku. Mwaka jana mzima hatukuongea hivi. Nikiwa na kazi mezani simu ikilia naacha kila kitu. Wateja wananuna. Leo mmoja amechukua simu yake kaondoka nayo ikiwa wazi, skrubu mkononi.

Leo jioni ameandika: NIMEPATA KANGA YAKE NYUMA YA KABATI. NILIFIKIRI IMEPOTEA. Halafu dakika tano hakuna kitu. Halafu: FILEMONI.

Jumapili, 22 Juni 2025

Nilipanda kubadilisha antena ya zizini, ile ya kwanza ililegea. Kweli ililegea, lakini ningeweza kumwelekeza Novatus akaikaza. Nilipanda ili nimwambie.

Tuliketi jikoni. Nilianza: Baba, siku ile. Akasema, siku ipi? Nikasema, siku ile ya mvua. Akainuka akaongeza kuni. Akaketi tena, akanitazama, akangoja. Nikasema, siku ile ya mvua zizi halikuvuja? Akasema halikuvuja.

Nikarudi jana. Hapana, leo. Sijui naandika nini. Nimerudi na gari la jioni.

Jumatano, 25 Juni 2025

Novatus ameshuka na magunia ya tangawizi. Amekuja dukani kuchaji simu. Nimemwekea kiti, Shamimu akaleta chai.

Nilimsubiri amalize kikombe. Nikasema kaka Novatus, siku ile simu yangu iliita.

Akasema, najua, dada. Nilikuwa nayo sikioni.

Hakusema kwa ukali. Akaeleza polepole: aliteremka jiweni amelowa mpaka mifupani, amemkuta Baba mlangoni amesimama, maiti iko ndani, akauliza "anakuja?" Angesema nini? Simu inaita, hapokei? Siku ile? Akaona mzee atabeba mizigo miwili. Kwa hiyo akasema haipatikani. Alidhani nitapiga saa yoyote na uongo utajifuta wenyewe. Usiku simu yake ikaisha chaji, na kwao umeme wa sola haukuwepo kwa lile wingu.

Nikamwambia nataka kumweleza Baba ukweli.

Akasema, "Mzee anakula sasa, dada. Mwezi wa tano alikuwa hali. Anaamka anatafuta miwani aandike. Acha hivyo."

Nikasema je, wewe unaweza kukaa naye kila siku ukijua? Akasema, nimekaa naye miezi miwili. Akachukua simu yake. Mlangoni akageuka: "Lakini mimi si mtoto wake."

Ijumaa, 27 Juni 2025

Asubuhi Baba ameandika: MCHUNGAJI ATAKUJA SABATO. NITAMWONYESHA MASHINE. NITAMWELEZA ULIVYOHANGAIKA ILI TUSIACHWE TENA. FILEMONI.

Nimeisoma kama mara ishirini. Atamweleza mchungaji. Mchungaji ataweka kwenye mahubiri. Mimi nitakuwa mfano kanisani.

Nimeandika, nimefuta. Mdomo umenishinda mara mbili, na najua neno kama hili halitumwi kwa maandishi. Lakini nikingoja mdomo nitangoja mpaka nimzike na yeye. Nikahesabu herufi:

Baba, siku Mama alipofariki mtandao ulikuwepo. Novatus alipiga mara nne. Niliona nikaacha. Yeye alificha kukuonea huruma. Kosa ni langu. Nisamehe. Aneth.

Nimetuma saa kumi, jua halijazama, Sabato haijaingia.

Umefika.

Nilitamani sana usifike. Antena ilegee, betri ife, ukungu, chochote. Nimefunga mtambo mzuri.

Jumamosi, 28 Juni 2025

Sabato Baba hagusi mashine. Najua. Sikutarajia kitu mchana. Sijui kama jana aliusoma kabla ya jua kuzama au ataukuta leo.

Nimefungua duka, nimefunga, nimefungua. Saa nne hivi nikawaza: sasa wako kanisani.

Jua limezama saa kumi na mbili na nusu. Nimekaa na simu mkononi. Saa moja. Saa mbili. Kituo cha zizini kinaonekana kipo hewani, betri asilimia tisini na moja. Kipo. Kimya.

Jumapili, 29 Juni 2025

Saa mbili asubuhi kilikuwepo. Saa tatu kimepotea.

Vunta ipo. Hedaru ipo. Myamba haipo.

Betri ilikuwa imejaa, jua lipo, hakuna mvua wala radi. Nimepiga simu ya Novatus: haipatikani. Nimepiga tena. Nimepiga mara nane. Ndiyo, nane. Shamimu amenikuta nalia juu ya simu ya mteja, akafikiri kuna msiba mwingine. Nilimweleza yote, tangu Jumanne ile. Mwisho akasema, mimi nilikuwa hapa Jumanne ile. Nilikusikia ukisema "hawa nao wamezidi." Nilidhani ni wateja.

Sikumbuki kusema hivyo. Lakini ninajijua.

Nitapanda kesho.

Jumatatu, 30 Juni 2025

Naandikia Vunta, kwenye benchi la mzee Hezroni. Mwandiko mbaya, mikono baridi.

Gari limesimama hapa kushusha mbolea. Nimeshuka mbio kuangalia mlingoti, nikijiambia labda kosa ni la hapa. Mlingoti umesimama, taa inawaka. Hezroni akatoka ndani na mfuko wa sandarusi, umefungwa kamba ya katani mafundo mawili. Akasema, baba yako ameuleta jana.

Nikamuuliza, kwa gari? Akasema kwa miguu. Amefika hapa saa saba, akanywa maji, akakaa pale ulipokaa.

Nimefungua. Mashine ya zizini, nzima. Bomba limepanguswa. Antena ameifungua kwa utaratibu akaiviringisha kwenye kitambaa chake cha mkononi, na waya ameukunja kama nilivyomwonyesha. Simu iko chini, imezimwa. Hakuna karatasi. Nimetafuta.

Nikauliza, alisema nini?

Hezroni amefikiri, kwa sababu ni mtu anayetaka kurudisha maneno kama alivyopewa. "Alisema, mpe Aneth. Mwambie haijaharibika, mimi ndiye sitaki kuandikiwa."

Hayo tu?

Hayo tu. Baba akaketi kidogo tena, akatazama Hedaru kule chini. Goti lilikuwa linamsumbua. Hezroni akamwambia alale, akakataa.

Nilifunga mfuko. Nikafungua tena. Dereva amepiga honi. Gari linateremka Myamba, lakini la kwenda Hedaru nalo liko pale upande wa pili wa barabara, linapakia, naliona. Nimesimama nikakaa. Hezroni alikuwa ameanza kurudi jikoni, akageuka.

"Aliuliza pia gari la kutoka Hedaru linapita hapa saa ngapi, na kule kwake linafika saa ngapi. Nikamwambia kwake linafika saa nne na nusu. Akaniomba nirudie."

Saa yangu inasema nne kasoro. Honi ya pili. Dereva wa Myamba anauliza yule dada wa mfuko anakwenda au anabaki. Nafunga daftari, nakwenda.